Mashine ya ndani inachemka: Fundi wa Vyombo awajibu wasomaji

Barua tulizochagua safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni joto la injini za dizeli zilizofungwa ndani ya chombo. Tunaanza na iliyo ndefu kuliko zote, kwa sababu mwandishi wake ameeleza mambo ambayo mafundi wake waliyapita haraka.

SWALI

Kwako Fundi wa Vyombo, salamu. Mimi ni nahodha wa mashua ya mbao ya futi 36 inayobeba mizigo kati ya Nyamisati na Kilindoni, Mafia. Injini ni ya dizeli, silinda nne, nguvu farasi 50. Ina maji yake ya ndani yenye kulanti (dawa ya maji ya kupoza injini), na maji ya bahari hupita kwenye kipozeo na kutokea kwenye ekzosi. Tangu Ramadhani imeanza kuchemka. Nikienda polepole geji inasimama kwenye 80 na haisogei, lakini nikifikisha mizunguko 2,400 inapanda taratibu, na baada ya nusu saa inavuka 95 na king'ora kinalia. Nikipunguza resi inashuka yenyewe. Maji yanatoka nje, ingawa naona si mengi kama zamani.

Fundi wa kwanza alifungua pampu ya maji ya bahari, akakuta impela, kile kigurudumu cha raba kinachosukuma maji, imekatika mapanga matatu, akaweka mpya. Haikusaidia. Fundi wa pili akatoa thamostati (kile kizibo kinachofunguka maji yakipata moto) akaitupa, akisema katika nchi ya joto haina kazi. Sasa asubuhi injini inachelewa kupata moto na inatoa moshi mweupe, na ikipata mzigo inachemka vilevile, pengine upesi zaidi. Fundi wa tatu anataka kufungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda. Nianzie wapi?

*Nahodha, Kilindoni*

JIBU

Nahodha, pole kwa gharama. Kwa sasa usimruhusu mtu yeyote aguse silinda hedi, kwa maana hakuna dalili hata moja katika barua yako inayoielekea. Hujasema kwamba maji ya ndani yanapungua, wala kwamba oili imebadilika rangi, wala kwamba kuna mapovu kwenye tangi la kulanti. Ulichoeleza ni injini inayostahimili mzigo mdogo na kushindwa mzigo mkubwa, kisha inapona yenyewe ikipunguziwa kazi. Injini ya namna hiyo maji yake yanazunguka, ila hayatoshi kubeba joto lote linalozalishwa.

Ni vizuri tuweke tarakimu kidogo hapa. Injini ya dizeli hugawa nishati ya mafuta yake kwa takriban mafungu matatu: fungu moja hufika kwenye shafti, la pili huenda na moshi, na la tatu huingia kwenye maji ya kupoza. Kwa hiyo injini ya nguvu farasi 50 ikitiwa resi yote, maji hayo yanapaswa kubeba joto linalokaribia kulingana na nguvu yote inayozungusha rafadha. Tukikubali kwamba maji ya bahari yapande joto nyuzi 15 tu kati ya kuingia kwenye kipozeo na kutoka, zinahitajika lita 35 hadi 40 kila dakika. Ukienda polepole, joto linalozalishwa ni sehemu ndogo ya hilo, na hata kipozeo kilichoziba nusu hutosha. Ndiyo maana geji yako inatulia kwenye 80 ukiwa unatoka bandarini, na kukusaliti ukiwa katikati ya mkondo.

Sasa turudi kwenye impela. Fundi wako wa kwanza alikuta mapanga matatu yamekatika, akaweka impela mpya, akafunga kazi. Hukuandika kwamba vile vipande vitatu vilionekana. Raba haiyeyuki ndani ya maji. Vilisukumwa mbele na pampu yenyewe na vikaenda kukwama pale njia ilipokuwa nyembamba. Katika injini nyingi za aina yako, maji ya bahari yakitoka kwenye pampu hupita kwanza kwenye kipozeo kidogo cha oili ya giaboksi, ikiwa kipo, halafu huingia kwenye kipozeo kikubwa, ambacho ndani yake kuna fungu la mirija mingi ambayo baadhi haizidi unene wa kalamu. Kipande cha panga kikilala juu ya midomo ya mirija hiyo huzuia kadhaa kwa wakati mmoja. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kununua kifaa chochote.

Ukitaka uhakika kabla ya kufungua, tumia ndoo ya lita 20 na saa. Injini ikiwa baridi, chomoa mpira wa maji unaotoka kwenye pampu kabla haujaingia kwenye kipozeo, uuelekeze kwenye ndoo, uwashe injini bila mzigo kwa sekunde 30, uzime, upime maji yaliyoingia. Usizidishe muda huo, kwa sababu ekzosi inakuwa haina maji na mpira wake unaweza kuungua. Rudisha mpira mahali pake, kisha fanya vivyo hivyo kwenye mpira unaotoka kwenye kipozeo kuelekea kwenye kiwiko cha ekzosi, kwa resi ileile. Ikiwa pampu inatoa maji mengi na kipozeo kinatoa machache, kizuizi kipo kati ya hizo sehemu mbili. Ikiwa yote mawili ni machache, basi shida iko kabla ya pampu, upande wa kuvuta, au ndani ya pampu yenyewe.

Kufungua kipozeo si kazi ya kutisha. Funga koki ya chini, ile inayoingiza maji ya bahari, mwaga maji ya ndani kwenye chombo safi, fungua vifuniko vya ncha mbili, uvute fungu la mirija likiwa zima. Kwenye mdomo wa upande wa kuingilia ndipo utakapokuta vipande vya raba, na pengine pamoja navyo mabaki ya zinki. Hizi ni zile penseli za zinki zinazowekwa ili zilike badala ya shaba. Zikiachwa muda mrefu bila kubadilishwa humeguka na kuwa takataka nyingine ndani ya njia ya maji. Ndani ya mirija utaona ukoko mweupe au wa kahawia. Usiukwangue kwa waya wa chuma. Tumia kijiti cha mti au cha shaba kinachoingia bila kulazimishwa, halafu lilaze fungu hilo ndani ya siki au asidi ya sitriki iliyochanganywa na maji mpaka mapovu yaishe, ulisuuze vizuri. Kuna watu kwenye gati wanaotumia asidi ya betri kwa kazi hii. Inasafisha, ndiyo, na inakula maungio ya mirija pia. Kama ganda la kipozeo chako ni la aluminiamu, aina yoyote ya asidi kali italitoboa. Unaporudisha, weka pete mpya za raba. Za zamani zikishabonyea hazizibi tena, na hapo maji ya bahari yataanza kuvujia pasipotakiwa.

Ukikuta kipozeo ni safi, jambo ambalo litanishangaza, fuata njia ya maji kuanzia nje. Wewe unapita kwenye maji ya delta ya Rufiji, yenye tope na mchanga mwembamba, na mchanga huo huchora mifereji kwenye kifuniko cha pampu. Pitisha ukucha juu ya kifuniko kwa ndani: ukikwama kwenye mchoro, maji yanarudi nyuma kupitia hapo hata kama impela ni mpya. Mara nyingi kifuniko kinaweza kugeuzwa ili upande wa nje, ambao bado ni bapa, uwe ndani. Angalia pia gasketi ya kifuniko hicho. Gasketi ya kiwandani ni karatasi nyembamba sana, na fundi asiyekuwa nayo hukata nyingine kutoka kwenye boksi la biskuti. Unene ule wa ziada huacha nafasi kati ya impela na kifuniko, na pampu hupoteza uwezo wa kuvuta bila dalili nyingine yoyote. Nimeona injini mbili zikihukumiwa kufa kwa sababu ya kipande cha boksi.

Halafu kuna mpira wa kuvutia maji, unaotoka kwenye koki kwenda kwenye chujio na pampu. Huo unatakiwa uwe na waya ndani. Ukiwa laini, au ukiwa mkongwe hata tabaka lake la ndani limeanza kubanduka, hujikunja injini ikitiwa resi na kurudi umbo lake injini ikizimwa, kwa hiyo anayeukagua bandarini injini ikiwa kimya hataona kitu. Mtu mmoja ashike usukani, mwingine aushike mpira huo kwa mkono kwenye mizunguko 2,400, akijihadhari na mkanda na shafti. Kama kifuniko cha chujio ni cha plastiki angavu, tazama pia kama kuna mapovu yanayopita, kwa maana chujio lisilofungwa sawasawa huvuta hewa badala ya kuvuja maji. Na usisahau tundu lenyewe lililo chini ya maji. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, lakini iliyotangulia ingali inaelea, na mmoja wake hutosha.

Kiwiko cha ekzosi, mahali ambapo maji ya bahari huchanganyika na moshi, hujaa masizi na ukoko mpaka njia ikabaki ya kupitisha kidole. Dalili yake ni kwamba joto hupanda pamoja na kupungua kwa nguvu na moshi kuwa mweusi. Hujataja moshi mweusi, kwa hiyo nakiweka nyuma kidogo, ila ukishafungua mpira wake kwa kupima maji, chungulia ndani kwa tochi.

Jambo la mwisho ni chombo chenyewe. Kama hakijapwelezwa, yaani kuachwa pakavu maji yakipwa, kikakwanguliwa na kupakwa deheni kwa miezi mingi, viumbe wenye magamba walioshika chini na kwenye rafadha huifanya injini ivute mzigo usiokuwepo zamani. Kipimo chake ni rahisi: kwenye maji ya kina, tia resi yote. Injini iliyokuwa ikifika mizunguko 3,000 na sasa inakwama kwenye 2,500 huku ikitoa moshi mweusi inalemewa, na hakuna kipozeo kitakachoiponya. Subiri bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, upweleze chombo, ukwangue.

Kuhusu thamostati nitasema waziwazi: fundi wa pili alikuharibia. Hoja ya nchi ya joto ina mvuto, na nimeisikia kuanzia Tanga hadi Lamu, lakini haizingatii jinsi maji ya ndani yanavyozunguka. Injini nyingi za namna hii zina njia mbili: njia fupi inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye kipozeo, na njia ndefu ya kwenda kupozwa. Thamostati ikifunguka huachia njia ndefu na papo hapo kuziba njia fupi. Ukiiondoa, njia zote mbili zinabaki wazi, na maji mengi huchagua ile fupi kwa kuwa haina upinzani. Ndiyo maana unaona injini ikichemka upesi zaidi chini ya mzigo. Na asubuhi, kwa kuwa hakuna kinachozuia maji baridi, silinda hazipati joto, dizeli haiungui yote, na huo ndio moshi wako mweupe. Dizeli isiyoungua huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na ukiendelea hivyo kwa msimu mzima utalipia pete za pistoni.

Nunua thamostati ya nambari iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini, na kabla ya kuifunga ijaribu nyumbani. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, washa jiko. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizochongwa juu yake, na kuwa wazi kabisa nyuzi kumi au kumi na tano baadaye. Hata mpya ya dukani ijaribu, kwa sababu nyingine hufika dukani zikiwa zimekufa.

Kama ukipata kipimajoto cha kulenga, kile kinachosoma joto bila kugusa, kitakulipa katika kazi moja. Kwanza kitakuambia kama geji yako inasema kweli, maana waya wa ethi uliolika kwa chumvi unaweza kupandisha mshale bila injini kuwa na kosa. Pili, utalinganisha joto la mpira unaoingiza maji ya bahari kwenye kipozeo na ule unaoyatoa. Ila usikilenge kwenye shaba inayong'aa, kwani kitasoma uongo. Bandika utepe mweusi hapo kwanza, kisha lenga kwenye utepe.

SWALI

Fundi, mashua yangu ya uvuvi ina injini ndogo ya silinda moja ambayo maji ya bahari yanaingia moja kwa moja ndani ya injini, haina kulanti wala kipozeo. Inafanya kazi kwenye nyuzi 50 tu. Wenzangu wananiambia dizeli inataka 80, na kwamba nibadilishe thamostati ili ipate nguvu na kula mafuta kidogo. Je, nifanye hivyo?

*Mvuvi, Shimoni*

JIBU

Hapana, mvuvi. Wenzako wako sahihi kuhusu dizeli kwa jumla, na wamekosea kuhusu injini yako. Maji ya bahari yana chokaa iliyoyeyuka, na chokaa, tofauti na chumvi ya mezani, huganda kadiri maji yanavyopata moto, kama unavyoona ukoko ndani ya birika la nyumba inayotumia maji ya kisima. Ukivuka takriban nyuzi 60, ugandaji huo unakwenda kwa kasi, na unatokea hasa pale penye joto kali zaidi, yaani kuzunguka silinda na ndani ya hedi, mahali ambapo huwezi kufikisha kijiti. Ukoko ukishaota, joto haliwezi kutoka kwenye chuma kuingia kwenye maji, na hapo utakuwa na injini inayochemka huku maji yanatoka kwa wingi. Mtengenezaji aliweka thamostati ya chini kwa makusudi, akijua kwamba injini itapoteza kidogo katika ulaji wa mafuta.

Fahamu pia kwamba wakati wa kaskazi maji ya pwani yetu hufika nyuzi 28 hadi 30, na wakati wa kusi hushuka hadi 25 au 26. Tofauti ya nyuzi tatu au nne si kubwa, lakini injini iliyokuwa imeanza kuziba hujifichua msimu wa kaskazi. Ukiona mshale umepanda nyuzi mbili tatu mwezi Februari, usiulaumu msimu peke yake. Angalia zinki ya ndani ya injini, kama ipo, kabla ya kitu kingine. Katika injini za aina yako huliwa haraka, na ikiisha, bahari inaanza kula chuma chenyewe.

SWALI

Mimi niko Kigoma. Ziwa letu halina chumvi. Kuna ubaya gani nikijaza maji ya ziwa kwenye tangi la kulanti badala ya kununua kulanti kila mara?

*Mwenye boti, Kigoma*

JIBU

Ndugu yangu, maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya bahari lakini si maji matupu. Yana madini mengi, hasa magnesi, na yana ualkali unaokaribia pH 9. Ndani ya injini yenye moto yataacha ukoko. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati safi, au nunua maji yaliyosafishwa ya betri, uchanganye na kulanti kwa kiwango kilichoandikwa kwenye dumu. Kigoma haigandi barafu, kweli, lakini kazi ya kulanti huku kwetu ni kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Kuzuia barafu ni kazi yake ya nchi za baridi. Na kwa kuwa unapaswa kununua kila mara, swali langu kwako ni hili: maji ya kwanza yanakwenda wapi? Mfumo huo umefungwa. Ukiongeza kila wiki, kuna mahali panavuja.

Jambo dogo lingine. Zinki hufanya kazi vizuri kwenye maji ya chumvi, lakini kwenye maji ya ziwa hujifunika utando na kulala usingizi. Tafuta penseli za magnesi kwa ajili ya kipozeo chako.

SWALI

Kwa heshima, naomba msaada. Boti yangu ilichemka siku moja ikazimika baharini, ikavutwa hadi pwani. Fundi alibadilisha mkanda uliokatika na ikawaka. Tangu hapo maji ya kulanti yanapungua kila siku na sioni panapodondoka. Jana kijana alipopima oili, ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Wanasema nibadilishe oili tu niendelee na kazi.

*Mama mwenye boti, Mkokotoni*

JIBU

Mama, usiiwashe tena mpaka hili limalizike. Oili iliyochanganyika na maji hailindi beringi, na kama maji hayo yana chumvi, uharibifu ni wa siku chache.

Kuna njia tatu kuu ambazo maji huingilia kwenye oili, na dalili zake zinatofautiana. Ikiwa kulanti inapungua na oili imekuwa nyeupe, kama ilivyo kwako, mshukiwa wa kwanza ni gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe kupinda au kupasuka kwa joto la siku ile. Ikiwa injini yako ina kipozeo cha oili ya injini kinachopitiwa na kulanti, nacho kinaweza kuwa kimetoboka kikafanya vivyo hivyo. Ikiwa kulanti haipungui kabisa na oili imekuwa nyeupe, basi yaelekea maji yaliingia kutoka baharini kupitia ekzosi, jambo linalotokea mara nyingi pale injini inapogoma kuwaka na mtu akaendelea kupiga stata huku koki ikiwa wazi.

Kwa hali yako, mwambie fundi afanye mambo mawili kabla ya kufungua hedi. Ajaze kulanti mpaka juu kupitia kifuniko, injini ikiwa baridi, na aipe presha isiyozidi ile iliyoandikwa juu ya kifuniko hicho, kwa pampu ya baiskeli yenye geji, injini ikiwa imezimwa. Presha ikishuka na hakuna tone linaloonekana nje, achomoe mpira wa maji ya bahari kwenye kipozeo aone kama kulanti inatokea hapo. Ikitokea, kipozeo kimetoboka, na hiyo inaeleza kupungua kwa maji, ingawa haielezi oili. Isipotokea, atoe nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda, azungushe injini taratibu kwa mkono. Kulanti ikichuruzika kutoka kwenye silinda mojawapo, amepata jibu.

Hedi ikishafunguliwa usikubali irudishwe kwa gasketi mpya peke yake. Ipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kusawazisha, ipimwe kwa rula ya chuma, na ijaribiwe kwa presha kama ina ufa. Mafundi wengi huruka hatua hiyo kwa sababu wewe, mwenye boti, unawaharakisha, naomba usiwaharakishe. Mwishowe badilisha oili na chujio lake, washa kwa dakika chache, umwage tena, urudie mpaka oili itoke na rangi yake. Ni oili nyingi, najua, na bado ni rahisi kuliko kreni shafti.

SWALI

Mimi ni baharia kijana, najifunza unahodha kwenye boti ya watalii ya Wasini. Kikilia king'ora cha joto tukiwa na abiria, nifanye nini kwanza?

*Baharia, Wasini*

JIBU

Kwanza angalia ulipo, kabla ya kuangalia injini. Ukiwa karibu na mwamba au kwenye mkondo unaokusukuma kwenye kina kifupi, punguza resi mpaka chini kabisa ujitoe hapo. Ukiwa na nafasi, weka gia huru. Kisha mtume mtu atazame ekzosi. Kama maji hayatoki au unatoka mvuke mtupu, zima mara moja, utie nanga. Kama maji yanatoka vizuri, iache iendelee polepole bila mzigo kwa dakika chache, kwa kuwa injini iliyozimwa ghafla ikiwa na joto kali hupanda joto zaidi ndani ya hedi, maji yakiwa yamesimama.

Usifungue kifuniko cha kulanti mpaka uweze kuweka kiganja juu yake na kukiacha hapo. Usimwagie injini maji ya bahari kwa ndoo, hata abiria wakikushauri. Wakati unasubiri ipoe, tazama mkanda kwanza, halafu funga koki ya chini ndipo ufungue chujio, vinginevyo ngama, sehemu ya chini ndani ya chombo, itajaa maji ukiwa unatafuta kosa jingine. Chujio likiwa safi, fungua koki kidogo kwa uangalifu uone kama maji yanaingia kwa nguvu. Yasipoingia, mwenye kuogelea vizuri atazame tundu la chini, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Ukishapata kosa na injini ikakataa kuwaka kwa majaribio mawili matatu, funga koki kabla ya kuendelea kupiga stata, maana pampu inaendelea kusukuma maji kwenye sailensa na hakuna moshi wa kuyatoa. Ikiwaka tu, fungua koki papo hapo, na mtu awe amesimama tezi, yaani nyuma ya chombo, akithibitisha kwamba maji yanatoka.